Mpishi wa Ndovu

Nyinyi vijana mnaopanda basi Mombasa asubuhi, mkalala, mkaamka Voi kununua maji ya chupa, nataka mjue kwamba pale mlipopita mkikoroma palikuwa na mawe. Kila maili moja jiwe moja, jeupe, kimo chake hadi gotini, na nambari nyeusi usoni. Mengi niliyafanya kwa mikono yangu. Kumi na mawili katika hayo yaling'olewa na ndovu, na kosa lilikuwa langu. Kwa kosa hilo karibu mtu mmoja, ambaye hata sura yake nilikuwa siijui, afukuzwe kazini na kambini pamoja na mke na watoto. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Yaliyobaki nitayasema njiani, maana nikianza kukumbuka huwa sifuati barabara moja.

Nilizaliwa Majengo. Baba yangu alishuka kutoka Ukambani akawa mchukuzi wa reli, na mimi shule niliiacha darasa la nne. Lakini herufi zangu zilikuwa nzuri, na kwa hizo nikapata kazi katika karakana ya barabara, upande wa Liwatoni. Tulikuwa watu watano pamoja na mkuu wetu, fundi mmoja wa mtaa wa Kuze, Fundi Shee. Kazi yetu ilikuwa kumwaga simiti katika masanduku ya mbao, kungoja ikauke, kupaka chokaa, kisha mimi kuandika nambari ya maili na jina la mji ulio mbele.

Kichekesho ni kwamba nilikuwa sijafika popote. Mwisho wangu wa dunia ulikuwa Mazeras, na huko nilikwenda mara moja tu, kwenye harusi. Lakini nimeandika Mariakani, nimeandika Samburu, Taru, Maungu, Voi, Mtito Andei. Kila nikiandika jina, nilijitungia mji wake. Taru niliiwekea mitende na chemchemi. Voi niliijengea ziwa. Niliwahadithia wenzangu, nao wakanitania.

"Haya, Daudi," atasema mmoja, "huko Taru leo kunapikwa nini?"

"Samaki," nitajibu. "Wa chemchemini."

Siku moja dereva wa lori letu alisikia. Akaweka kikombe chake chini akanitazama kwa huruma. "Taru, bwana mdogo, kuna mwamba na miiba. Maji hukaa ndani ya mashimo ya mwamba, na usipowahi, nyuki wamekutangulia."

Wenzangu walicheka wiki nzima. Mimi sikuona haya. Niliendelea kuandika Taru kwa herufi za mahali penye mitende.

Njia hiyo, vijana, haikuanza na lami wala na serikali yoyote. Fundi Shee alituambia babu yake mzaa mama alikuwa mtu wa misafara. Walitoka kisiwani, wakavuka Makupa maji yakiwa yametoka, wakapanda Rabai kutafuta wachukuzi, ndipo wakaingia nyika. Kutoka Taru hadi mlima wa Maungu hakukuwa na tone la maji. Walitembea usiku na mchana, na aliyechoka alitupa mzigo, si roho. Reli ilipokuja ilifuata karibu njia ile ile, kwa sababu mlima na maji havihami. Barabara ya magari nayo ikafuata reli, kama mtoto anayeshika nguo ya dada yake. Wakati wangu, miaka ya sitini, lami ilikuwa ikitandazwa vipande vipande. Ukitoka Mombasa gari linateleza kama kwenye sakafu, mara linaingia vumbi jekundu, na dereva anafunga kitambaa puani. Mvua ikinyesha, hilo vumbi jekundu linakuwa tope, na lori linaweza kulala njiani siku tatu likingoja jua.

Na maili ya kwanza inahesabiwa kutoka wapi? Hilo lilikuwa neno la kugombana. Madereva walisema Makupa, kwa sababu hapo ndipo unapokiacha kisiwa. Makarani walisema posta. Fundi Shee alisema njia inaanzia barazani kwake Kuze, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusafiri bila kuaga nyumbani. Hakuna aliyeweza kumshinda kwa hoja hiyo.

Sasa nije kwenye mchanga.

Ukitaka jiwe lidumu, usihangaike na simiti, hangaika na mchanga. Sisi tulizoea mchanga wa mto uletwao na lori kutoka bara. Mwaka ule mvua zilikata barabara mbele ya Mariakani, malori hayakushuka, na huko juu, karibu na Maungu, kipande kipya cha lami kilikuwa kinangoja mawe yake. Mkaguzi wetu, bwana mmoja mwembamba tuliyemwita Bwana Kofia kwa sababu hakuivua hata akinywa chai, akasema, "Bahari iko hapo. Chukueni mchanga."

Fundi Shee hakupinga. Wazee wake walijenga kwa mchanga wa pwani tangu zamani. Lakini una sharti: uoshwe. Tuliutia ndani ya mapipa yaliyotobolewa chini, tukaufungulia maji ya mfereji yapite, tukaukoroga, tukayaacha yatoke, tukarudia. Mara tano, mara sita. Na kwa kila mara mchanga huonjwa.

Ndiyo, huonjwa. Nilipofika karakana mara ya kwanza nikamwona Fundi Shee, mtu mzima, anatia mchanga mdomoni, nilidhani ana kichaa. Akaniita.

"Njoo upate kujua, mwanangu. Jito hudanganya. Mtanga wote ni mweupe." Watu wa Kuze mchanga huuita mtanga, na jicho jito, na yeye hakuwahi kusema vingine. "Tia kidogo ncha ya ulimi. Sasa usiteme. Hesabu mpaka kumi."

Nikahesabu.

"Wasikia nini?"

"Sisikii kitu, fundi."

"Hesabu tena."

Nilipofika saba, chumvi ikaja, kwa nyuma, huku pembeni mwa ulimi. Akauona uso wangu akacheka.

"Umeiona? Chumvi ya mtanga ni mgeni mwenye adabu, hupiga hodi kwanza. Ukitema mbio, waondoka wasema hakuna mtu."

Jifunzeni hilo, hata kama kazi yenu ni ya kompyuta. Msiteme mbio.

Basi, mwaka huo wa mvua, kazi ya mchanga wa pwani iliangukia mwezi wa Ramadhani. Wenzangu wote wanne walikuwa Waislamu, na walifunga. Fundi Shee alijua kuonja bila kumeza kuna ruhusa yake, kwani hata mpishi huonja mchuzi, lakini alisema moyo wake hautulii. Akatutazama, akaniona mimi, Mkristo pekee.

"Mwezi huu Daudi ndiye ulimi wetu," akasema.

Nilifurahi kama nimepandishwa cheo. Siku za kwanza kazi hiyo niliifanya vizuri. Nilionja, nikahesabu, nikasema, "Bado, fundi," nao wakaosha tena, kwa midomo mikavu, jua likiwachoma, na hakuna aliyelalamika.

Kilichonishinda ni chakula changu. Saa sita, Fundi Shee alikuwa akiniambia kwa upole, "Enda ukale, Daudi," na mimi nikaenda nyuma ya ghala la simiti na chapati yangu kwenye gazeti. Nilikula nikisikia wenzangu wanavuta sepetu upande wa pili wa ukuta. Nilikula kama mwizi. Siku ya kumi chapati ilinikwama kooni, nikairudisha ndani ya gazeti. Siku ya kumi na moja sikubeba chapati. Sikumwambia mtu. Sikuwa nimebadili dini, wala sikujua kunuia. Niliona tu kwamba watu watano wakishiriki kiu moja kazi huenda vizuri zaidi kuliko wanne wenye kiu na mmoja aliyeshiba. Kila saa sita nilikwenda nyuma ya ghala kama kawaida, nikakaa juu ya gunia, nikarudi nikijipangusa mdomo.

Mnaona jambo lenyewe linakuja.

Siku hiyo mchanga uliooshwa mara tatu ulikuwa tayari kuonjwa. Mfereji ulikuwa unatiririka uzi mwembamba, mapipa yamechelewa, na Bwana Kofia alikuwa amesimama pale akitazama saa yake. Nikachukua mchanga kwa vidole. Nikafikiria funga yangu, ya siku nne, ambayo hakuna aliyeijua. Nikaona ni aibu kuivunja kwa mchanga. Nikapeleka vidole mdomoni, nikafunga midomo mchanga usiingie, nikahesabu mpaka kumi kwa kutikisa kichwa.

"Haya?" akauliza Fundi Shee.

"Mtamu, fundi." Ndivyo tulivyosema chumvi ikiisha, kama maji ya kisima kizuri.

"Mara ya tatu tu?"

"Mtamu kabisa."

Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Tukafanya mawe kumi na manane kwa mchanga ule.

Mawe hukaa karakana wiki nne, yakimwagiwa maji, ndipo yasafirishwe. Katika wiki hizo mbuzi wa Majengo, ambao mnawajua hawana kwao, waligundua karakana yetu. Kila asubuhi tuliwakuta kwenye lile fungu la mawe mapya, wanayaramba. Chokaa yote niliyopaka ikatoka upande mmoja.

"Wanasoma maili," akasema mmoja wetu. "Wanataka kujua Voi ni mbali kiasi gani."

"Waambie kuna ziwa," akajibu mwingine, na mimi nikacheka zaidi yao wote. Nikawafukuza mbuzi, nikapaka upya. Nawaambieni kweli, jibu lilikuwa limesimama mbele yangu kwa miguu minne, likiwa na ndevu, na mimi nikalipiga kwa ufagio.

Mawe kumi na mawili yalikwenda juu kwanza, sita yakabaki. Ikapita miezi miwili. Ndipo zikaanza kuja habari. Mawe ya Maungu yamelala. Mengine hayana nambari. Mengine yameonekana hatua ishirini kutoka barabarani, porini. Mawe ya zamani yaliyo kabla na baada ya hayo yamesimama salama.

Kambi ya barabara ya huko ilikuwa chini ya nyapara mmoja, Mwadime, Mtaita, ambaye alikuwa akiitunza njia ile tangu ilipokuwa alama mbili za magurudumu. Alileta neno kwamba ni ndovu. Bwana Kofia alituambia hayo karakana huku akitikisa kichwa.

"Ndovu hali simiti," akasema. "Huyu mtu amechimba mashimo mafupi, mawe yameanguka, sasa anasingizia wanyama. Nitapanda na yale sita yaliyobaki, nione mwenyewe. Mashimo yakiwa mafupi, anaondoka siku hiyo hiyo. Nimeshamwambia afunge vitu."

Fundi Shee akasema atakwenda pia, kwani jiwe likianguka, aliyelifanya naye ana swali la kujibu. Akaniambia nipande, nikaandike upya nambari zilizofutika.

Hivyo ndivyo nilivyoiona barabara yangu. Nilikaa juu ya mawe nyuma ya lori, na kila jiwe lililopita nilijua mwandiko wangu. Mariakani ilikuwa na maduka na minazi inayokata tamaa. Samburu ilikuwa upepo. Taru ilikuwa kama dereva alivyosema, mwamba na miiba. Nilitafuta mitende, nisiongope, nilitafuta kidogo. Baada ya hapo udongo ukawa mwekundu, miti ikawa ya kijivu bila jani, na nikaiona njia imenyooka mbele mpaka inatetemeka kwa joto. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilifurahi sana. Mtu aliyekuwa akifunga vitu vyake huko mbele nilikuwa nimemsahau.

Tulimkuta amesimama kando ya jiwe la sabini na moja. Mrefu, kofia mkononi, nguo yake ya kazi imefuliwa na kupigwa pasi. Nyuma yake, chini ya mti wa miiba, mkewe alikuwa ameketi juu ya godoro lililofungwa kamba, na sufuria zimepangwa ndani ya karai. Watoto wawili walikuwa wanacheza kwa kuruka juu ya lile godoro, na yeye hakuwakataza.

"Sabalkheri, bwana," Mwadime akasema.

"Shimo," akasema Bwana Kofia.

Walilipima. Theluthi ya jiwe ilikuwa imekaa chini ya ardhi, kama inavyotakiwa. Wakapima mara ya pili. Sawa. Bwana Kofia hakupenda. Mtu akishaamua jambo, ushahidi humchosha.

"Umeyachimba upya juzi, uliposikia nakuja."

"Sikuchimba, bwana. Ni ndovu. Wanakuja asubuhi, wawili, watatu. Wanalisukuma kwa paji, wanalipindua kwa pembe."

"Na yale ya zamani? Mbona hayaguswi? Au ndovu wamejua kusoma, wanachagua nambari?"

Watu wa kambi wakainamisha macho. Mwadime akaigeuza kofia yake mkononi. Alikuwa ameona kwa macho yake, na hakujua sababu.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa na kopo langu la rangi. Jiwe lilikuwa limelala ubavu. Upande wa juu chokaa ilikuwa imetoka yote, na simiti ilikuwa laini, imelika kwa mbonyeo, kama sabuni iliyotumika. Nilishawahi kuona ulaini ule. Nikawakumbuka mbuzi wa Majengo.

Hapo, vijana, nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Hakuna mwingine aliyejua. Nilikuwa nimebakiza miezi miwili tu niandikwe kazi ya kudumu. Nikamtazama yule mama juu ya godoro. Alikuwa anatutazama bila hasira, kama mtu anayengoja basi.

Nikainama nikaliramba jiwe. Mbele ya watu wote.

"Huyu ana nini?" akauliza Bwana Kofia.

Nikahesabu. Sikufika tatu.

"Ni chumvi, fundi," nikasema.

"Haiwezekani," akasema Fundi Shee. "Ule mtanga uliuonja wewe mwenyewe."

"Sikuuonja."

"Nilikuona."

"Niliona haya, fundi. Nilipeleka mkono tu."

Akakaribia. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na sasa ilikuwa ndogo zaidi. "Kwa nini, Daudi?"

"Nilikuwa nimefunga."

"Umefunga nini?"

"Saumu. Pamoja na nyinyi. Tangu siku ya kumi na moja."

"Nani alikwambia ufunge?"

"Hakuna."

Akanitazama kama jiwe ambalo halikutoka vizuri kwenye sanduku. Kisha akakunja kikoi chake, mzee wa watu, akapiga magoti kwenye vumbi, akaweka ulimi. Yeye alihesabu mpaka kumi. Akainuka akatema kando.

"Bwana," akamwambia mkaguzi, "huyu nyapara hana kosa. Ndovu wafuata chumvi. Wewe mwenyewe waweza kuonja."

Bwana Kofia hakuonja. Lakini alitazama jiwe, akatazama kule yaliko mawe ya zamani, akatazama yale sita ndani ya lori. Akauliza nani atalipa kwa uzembe huu.

"Karakana ni yangu," akasema Fundi Shee. "Niliuliza mara moja, ilinipasa kuuliza mara mbili. Niandikie mimi."

"Na huyu?"

Fundi Shee akanigeukia. Nilidhani ataniombea. Akasema, "Huyu abaki hapa. Mawe haya ayang'oe, ayavunje, achimbe mashimo ya mengine. Nyapara akimtaka."

Mwadime alikuwa ameshavaa kofia yake. Akanipima kwa macho kutoka juu mpaka chini, vidole vyangu vyenye rangi, viatu vyangu vya mjini.

"Kwa hiyo wewe ndiye mpishi wa ndovu," akasema.

Watu wakaangua kicheko, na mkewe akaanza kufungua kamba za godoro. Jina hilo halikunitoka tena. Hata kwenye barua ya kustaafu kwangu, mtu fulani karakana aliandika hivyo pembeni kwa kalamu ya risasi.

Lori lilipogeuza kurudi Mombasa, nilikwenda dirishani kumuaga Fundi Shee. Hakunipa mkono. "Maji ya huku uyaonje kabla ya kunywa," akasema, na wakaondoka.

Nilikaa Maungu miezi minane hivi. Mwadime alinifundisha njia yenyewe, mimi niliyekuwa najua majina yake tu. Alinifundisha kwamba barabara haiuawi na magari, huuawa na maji yaliyokosa pa kwenda, kwa hiyo ukiona nyapara anashughulika na mitaro kuliko lami, huyo anajua kazi. Alinifundisha kulielekeza jiwe kidogo kwa anayekuja, kama mtu anayegeuka kukuitikia salamu. Na alinifundisha nisiweke jiwe penye mapito ya wanyama hata kama maili inaishia hapo hapo. Sogeza hatua kumi. Maili haitakasirika. Niliwaona na ndovu wangu, wekundu kwa udongo, wamesimama asubuhi mahali mawe yalipokuwa, wanapapasa ardhi kwa mikonga. Walikuja wiki nyingi. Nilisikitika kwamba nimewazoesha kitu kisichokuwapo.

"Waombe radhi," Mwadime alikuwa akinitania. "Waambie jikoni kumefungwa."

Kazi ya kudumu niliandikwa miaka miwili baadaye kuliko wenzangu. Lami ikafika, ikapita, ikaenda zake Nairobi. Baadaye maili zikaondolewa zikaja kilomita, na mawe yetu yakang'olewa na watu wenye barua za kuyang'oa. Sikupiga kelele. Jiwe la njia halifanywi ili mtu alipende, hufanywa ili apite. Lakini la sabini na moja, lile jipya tulilolisimamisha mimi na Mwadime, nasikia lilibaki porini kwa miaka, na watoto wa huko walilifanya kiti.

Nimalizie kwa siku niliyorudi kisiwani. Ilikuwa Ramadhani tena. Nilirudishwa karakana kwa sababu hapakuwa na mwandishi mwingine, na mvua zilikuwa zimekata tena barabara, na mapipa ya mchanga wa pwani yalikuwa yamepangwa. Niliingia, nikasalimia, wenzangu wakaitikia, "Karibu, mpishi!" Fundi Shee aliitikia kwa kichwa tu, akaendelea na kazi.

Nilibeba chapati yangu siku hiyo, nimejifunza. Saa nne, kabla sijafikiria njaa, Fundi Shee akaniita kwenye benchi lililo katikati ya karakana, mahali pa watu wote kuona. Hapo palikuwa na sahani imefunikwa kwa kawa.

"Keti," akasema.

Nikafunua. Wali wa nazi na kipande cha samaki wa kupaka, wa daku, uliowekwa akiba. Mkewe, Bi Zuhura, aliamka kuwapikia watu wa saumu, akapika na wa asiyefunga.

"Fundi, mbele yenu?"

"Mbele yetu."

"Nitakula nyuma ya ghala."

"Nyuma ya ghala ndiko ulikonipotezea mawe kumi na manane." Aliketi ubavuni kwangu, midomo yake mikavu imefanya ukoko mweupe. "Sikiza, Daudi. Funga yangu naiweza mwenyewe, hukuombwa kunisaidia. Ulimi wako ndio ninaouhitaji, na ulimi wenye haya hausemi kweli. Sasa kula."

Nikala. Mara ya kwanza tonge halikupita. La pili likapita. Wenzangu walikuwa wanachanganya kokoto hatua tano kutoka kwangu, na mmoja akauliza bila kuinua kichwa, "Samaki yuko vipi, mpishi?" nikamjibu kwamba amekolea, naye akasema Alhamdulillahi, kama amekula yeye.

Nilimaliza sahani mpaka punje ya mwisho. Nikanawa, nikasukutua, nikaenda kwenye pipa. Nikachukua mchanga kwa vidole, nikautia ncha ya ulimi, nikahesabu mpaka kumi, na sikuona haya.

"Haya?" akauliza Fundi Shee.

"Bado, fundi."

Akawageukia wenzangu waliokuwa wamesimama na ndoo, kiu usoni.

"Amesema bado," akawaambia. "Osheni."